Jina Kwenye Kadi

"Hii kitabu haiko fasi yoyote," profesa akasema mbele ya jopo, kidole kikigonga orodha ya marejeo. "Mashine ndiyo ilikutungia. Haya!"

Mama yake Wivine, aliyetoka mtaa wa Mapendo na kitenge kipya kuja kumwona binti akitetea kazi yake ya mwisho ya chuo, akainamisha kichwa.

Wivine hakuinamisha chake.

"Ni kweli, Prof, niliuliza akili mnemba. Ikanipa vitabu kumi na viwili juu ya maharagwe na majivu ya volkano. Nikatafuta kimoja kimoja kwenye hifadhidata ya maktaba yetu. Kumi na kimoja havikuwako, nikavifuta. Hiki kiko."

Akatoa mkobani kitabu chembamba kilichotafunwa na mende, akakifungua nyuma kabisa. Kadi ya kuazima vitabu ilikuwa bado imebandikwa pale, imegeuka manjano, na jina moja tu la mwanafunzi wa zamani, kwa wino wa buluu.

"Mutu wa mwisho kukisoma ni huyu, Prof."

Profesa akavaa miwani, akasoma jina lake mwenyewe.

Nyuma ya ukumbi, kigelegele cha mama kikapaa.