King'ora cha Jumanne

King'ora kililia Jumanne, na hilo ndilo lililowatisha. Kingelia Jumatano, siku ya majaribio, hakuna Mswisi ambaye angeacha hata kukamua. Lakini Jumanne! Tena majuma machache tu tangu kile kinu cha nyuklia kilipolipuka huko mashariki, watu wakakatazwa kula mpaka saladi za bustanini kwao!

Res aliacha ndoo zizini, akamshika mkono mkewe Käthi, wakateremka mbio kwenye handaki la zege chini ya nyumba. Mdogo wake Res, Ueli, kapera asiye na wa kumshika mkono, akaingia nyuma yao. Ndugu hao wakatazamana, kisha kila mmoja akageukia ukuta wake.

Mama yao, Bethli, alifika wa mwisho, anahema, nyasi kavu zimemnasa kichwani.

"Ng'ombe je, mama?" Res akauliza.

"Nimetoka huko huko, wako salama. Viatu nje! Makoti nje! Vumbi la sumu halipigi hodi. Käthi, osha nywele, maji yamo pipani."

Wakavua, wakanawa, mlango mzito ukafungwa. Taa ikagoma kuwaka. Käthi akachomoa betri za redio, akazitia kwenye tochi.

Ikabaki ile mashine ya kuchuja hewa, ya kuzungushwa kwa mkono.

"Mimi mkono wangu leo umekwisha," alisema Bethli, akijikanda bega. "Uzee huu! Zungusheni ninyi wenye misuli."

"Käthi, mwambie shemeji yako aanze," alisema Res.

"Käthi, mwambie mumeo, mkubwa ni yeye," alisema Ueli.

Hivyo ndivyo walivyozungumza tangu wamzike baba yao. Mzee aliacha kengele moja kubwa, ya kuvishwa ng'ombe anayewaongoza wenzake kupanda malishoni mlimani, na hakusema ni ya nani. Kengele moja, ndugu wawili wenye vichwa vigumu kama mbuzi dume. Sasa Jumamosi mpima ardhi angekuja kulikata shamba katikati, na nusu ya shamba lile haishibishi hata paka.

"Haya," alisema Bethli, akijilaza juu ya magunia ya viazi. "Mkimaliza kununa mniamshe, kama bado napumua."

Res akaushika mpini. Akazungusha mpaka jasho likamchuruzika puani.

"Nipokee basi, punda we!"

Käthi akafumbua kinywa ampelekee shemeji yake ujumbe. Ueli akamwahi.

"Punda mwenyewe! Nani anazungusha hivyo? Baba alisema polepole!"

"Baba alisema hivyo kwenye pipa la kusukia siagi!"

"Na siku aliyosahau mwenyewe, kifuniko si kiliruka kikampata mchungaji?"

Käthi akaguna. Kisha ndugu wote wawili wakapasuka kwa kicheko, Res akakaa chini, akajifuta machozi kwa soksi zake.

Baada ya hapo walipokezana mpini bila mjumbe. Wakatukanana vizuri, matusi ya miaka yote waliyonuniana, huku wakimega jibini lililowekwa akiba ya siku ya mwisho wa dunia. Lilipobaki ganda, kengele ilikuwa imepata wenyewe: mwaka huu kwa ng'ombe wa Res, mwakani kwa wa Ueli. Mpima ardhi na kamba zake abaki kwake.

Bethli akaitia redio sikioni, akasikiliza kwa makini, akiitikia kwa kichwa.

"Hatari imepita," alisema. "Wanasema tutoke."

Jioni, wanawe wakikamua pamoja, Bethli alipanda ngazi taratibu mpaka kwenye dari ya kuhifadhia nyasi kavu. Akakifukua king'ora cha mkono cha marehemu mumewe, mzimamoto wa kijiji, akautia mpini mafuta, akakifunika tena. Ueli alikuwa bado hajaoa, na mwalimu mpya wa kike wa shule ya kijiji alikuwa anakuja kununua mayai kila Ijumaa.