Gunia la Namkunda

Namkunda alifika sokoni na gunia lake la tangawizi, akamkuta mnunuzi wake, Shembilu, ameshika kipaza sauti.

"Unga huu unamaliza kisukari. Vidonge vya hospitali vitupeni."

Mama mmoja aliyekonda alifungua pindo la khanga, akatoa pakiti ya vidonge, akaitupa matopeni. Shembilu akampa chupa ya unga.

Namkunda alitua gunia. "Shembilu, huo unga si tangawizi yangu hiyo?"

"Ndiyo hiyo, bibi. Hebu waambie inavyoponya."

"Inatuliza kichefuchefu. Ukiwa na mafua, koo linapata nafuu. Basi. Mume wangu kafa na kisukari, na alikuwa anainywa asubuhi na jioni."

Shembilu akashusha kipaza sauti. "Bibi wewe, gunia lako nani mwingine atalinunua hapa?"

"Na lioze. Silimi kitu cha kuulia watu."

Aliinama, akaokota ile pakiti, akaifuta tope kwa kitenge chake, akamwekea yule mama kiganjani. Mama akabaki amesimama, vidonge mkono huu, chupa mkono ule, na kipaza sauti kinakoroma bila msemaji.