Haya, Twende

Yule tembo jike hakutaka kutoka. Tangu aokolewe kwenye sarakasi iliyomzungusha nchi hadi nchi, alisimama tu ndani ya banda lililo wazi, nyasi zikimngoja nje. Daktari alikwisha kuonya kwamba sakafu ile ya sementi itaiozesha miguu yake.

Kanya, mtunzaji wake, alimbembeleza kwa lugha ya kwao mpaka akachoka. Akamgeukia Sikujua, binti aliyevuka bahari kuja kujitolea.

"Jaribu na hicho Kiswahili chako. Kila siku unatutambia, kitamu, kitamu! Leo tuone kama ni asali kweli."

"Utaona, dada. Huyu atanifuata mpaka kwetu."

Sikujua akasogea, akanyoosha mkono, akasema kwa sauti ya kubembelezea mtoto mchanga, "Haya, mama. Twende."

Tembo akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Masikio yakalala. Akapiga magoti, kichwa chini, macho kayafumba, mkojo ukamchuruzika. Akabaki hivyo, akingoja fimbo.

Kicheko cha Kanya kikakatika. "Umemwambia nini?"

"Twende. Wallahi, nimemwambia twende tu."

"Basi waliokuwa wakimpiga walisema hivyohivyo."

Neno "pole" likamfika Sikujua ulimini, naye akaliziba upesi kwa viganja vyote viwili.

Tembo akafumbua jicho moja, akaukodolea mdomo ule uliozibwa.