Landrova Iliyolala Kulia

Gololi ilibingirika tena. Mwalimu Otiende aliiweka katikati ya boneti, akaondoa kidole taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, na gololi, bila haya, ikashika njia ya kulia mpaka ikadondoka sakafuni. Hiyo ilikuwa mara ya tisa asubuhi hiyo.

"Bado imelala?" mkewe Achola aliuliza kutoka dirisha la jikoni.

"Bado."

"Na mlango wa chumbani bado umekataa kufunga, Baba Sheryl. Na mafuta yanakimbilia upande mmoja wa kikaango. Ulinunua kikaango gani hiki?"

"Nikimaliza gari."

Hilo ndilo lililokuwa jibu la kila kitu mwaka ule wa 1998, mvua za El Niño zilipokuwa zimetulia. Otiende alifundisha fizikia. Landrova yake ya mwaka 1962 aliitoa kwenye boma moja huko Kisaju, kuku wakiwa wametaga juu ya kiti cha dereva. Kwa miaka miwili aliifufua kwa mikono yake, ndani ya gereji aliyoijenga kwa mikono yake, ubavuni mwa nyumba aliyoijenga kwa hesabu zake. Mafundi hakuwahitaji. Mafundi, alipenda kuwaambia walimu wenzake, wanakisia; yeye hupima.

Sasa alikuwa amepima mpaka amechoka. Timazi ilisema gari limelala kulia inchi nzima. Alihamisha springi za kulia kushoto na za kushoto kulia. Gari likalala kulia. Akanunua springi mpya; likalala kulia. Akapima chesisi kwa kamba, akakuta imenyooka kabisa, na gari likaendelea kulala kulia.

Achola alikuwa na maelezo yake. "Dereva hukaa upande gani? Kulia. Na dereva mwenyewe ni kilo ngapi?"

Otiende alicheka. Kisha akaenda kujipima kwenye mizani ya duka la mahindi, akaacha kucheka. Kilo mia na nne. Kwa wiki sita aliishi kwa sukuma wiki na chai isiyo na sukari, yote kwa heshima ya springi. Alipungua kilo saba. Gari halikupungua chochote.

Yote hayo yangekuwa kichekesho tu, kama si Mzee Parsaoti. Jirani huyo alikuwa anamwoza binti yake Nashipae Jumamosi, naye aliomba bibi harusi apelekwe kanisani Kajiado kwa Landrova ile. Otiende, ambaye tangu ahamie Kitengela alikuwa mtu wa kusalimiwa tu juu ya ua, aliona hatimaye amekuwa jirani. Aliitaka Jumamosi hiyo kuliko alivyowahi kutaka cheo cha mwalimu mkuu. Bahati mbaya mzee alipita siku moja, akaiona gololi ikibingirika.

"Mwalimu, binti yangu hawezi kwenda kanisani amelala upande," alisema. "Watu watasema tumemsukuma. Nyoosha hii gari, ama nikodishe ingine Nairobi."

Jumatano Otiende aliamua kukisia kama fundi. Alitia vibati vya chuma kwenye springi za kulia, kimoja baada ya kingine, mpaka gololi ikatulia katikati ya boneti. Alitokwa na machozi kidogo. Hakuna aliyemwona isipokuwa Achola, ambaye aliwasimulia majirani wote.

Alhamisi aliendesha hadi Kajiado. Mashimo ya barabara yalikuwa yamezidi, na njiani hakuna mtu angeweza kujua gari lililonyooka ni lipi. Parsaoti alikuwa akimngoja kwa fundi Simel; alitaka jicho la pili. Otiende akaingia kifua mbele, akasimamisha gari juu ya sakafu ya zege, akaweka gololi.

Ikabingirika kushoto.

Simel hakucheka, na hilo lilimuuma Otiende zaidi. Fundi alilala chini ya gari, akalegeza bolti, akatoa vibati vyote, kisha akaiweka gololi mwenyewe. Ikatulia. Akaipiga boneti kwa kiganja. Gololi ikatikisika, ikabaki palepale.

"Mwalimu, hii gari haina shida. Nani alikuambia iko na shida?"

"Nimeipima! Na timazi!"

"Ulikuwa unaipimia wapi?"

"Nyumbani. Kwa gereji yangu."

Simel na Parsaoti walitazamana. Fundi alichukua pimamaji yake, akapanda nyuma ya gari. "Twende kwako," alisema.

Walipofika Kitengela, Otiende aliliingiza gari mahali pake, akazima injini, akaweka gololi. Ikaenda kulia. Aligeuka kuwaonyesha, lakini hakuna aliyekuwa akiitazama. Simel alikuwa amepiga magoti, pimamaji ikiwa sakafuni. Aliihamishia kwenye ukuta wa nyumba, halafu kwenye ukuta wa pili. Parsaoti alikuwa amechuchumaa nje, akifinya kiganjani udongo mweusi, ule unaovimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua.

"Wakati wa kujenga, ulichimba mpaka ukafika jiwe?" mzee aliuliza.

"Futi mbili," Otiende alisema. "Ilikuwa kiangazi, udongo ulikuwa mgumu, hata jembe lilikuwa linaruka. Nilipiga hesabu..." Akaugeukia ukuta.

Ndani, Achola alikuwa akiwaita watoto waje kula. Simel aliinuka bila haraka, akamshika Otiende begani.

"Mwalimu, gari iko sawa, harusi itaenda nayo," alisema kwa sauti ya chini. "Nyumba ndiyo imelala. Saa hii ita mama na watoto watoke nje. Polepole."