Roketi Ndani ya Mkeka

Gracien aliingia kanisani Mbau amebeba mkeka begani, na mkeka ulikuwa mrefu kuliko yeye. Akakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, akaulaza miguuni. Watu walidhani amemletea mtu zawadi.

Alikuwa amevaa shati aliloshonewa na Kaswera, mama yake mdogo, aliyemlea tangu utoto. Shati hilo ndilo lililomtoa Butembo. Alipolipokea wiki hiyo aliona mishono imepinda, imeshonwa kwa mkono. Mwanamke aliyekuwa akishonea nusu ya kijiji cha Mbau sasa alijichoma vidole kwa sindano, kwa sababu mashine yake ya kushona iliibwa siku ya bomu, miaka mitatu nyuma.

Na lile bomu ndilo lililokuwa ndani ya mkeka, nalo kwa jina lake halisi liliitwa roketi.

Gracien ni fundi wa redio. Kwa mwaka mmoja na nusu aliijenga kwenye chumba chake cha kazi huko Butembo, bila kununua hata kipande kilicho tayari. Mwili aliuviringisha kwa karatasi na gundi juu ya bomba la plastiki, tabaka kwa tabaka, akaulainisha kwa msasa mpaka mikono ikawa myeupe. Mabawa manne aliyakata kwenye triplex, ile mbao nyembamba ya tabaka. Pua aliichonga kwa mti mwepesi, akaharibu tano kabla ya kupata moja. Parachuti ilitoka kwenye vitambaa vya miavuli mibovu, na Kaswera ndiye aliyeviunga kwa mashine yake, huku akimtania.

"Parapluie mukubwa hivi ni ya nani? Goliati?"

Gracien alicheka tu. Alitaka kumshangaza.

Na kweli alimshangaza. Butembo nyumba zimebanana, kwa hiyo aliileta Mbau vipande vipande, akaiunganisha kwenye shamba lililolala, nyuma ya nyumba ya Kaswera, mwenye nyumba akiwa sokoni. Alipima upepo. Alizunguka migomba na kakao yote akahakikisha hakuna mtu wala mbuzi karibu. Kitu kimoja hakukifikiria, yeye aliyekulia pale pale: watu wa barabara ya Oicha, waliozoea kuvamiwa na waasi, wakisikia mshindo hawaulizi ni wa nini. Wanashika watoto na kukimbia.

Roketi ilipaa kwa mngurumo, ikawa nukta, na mwavuli wa Goliati ukafunguka angani. Gracien aliruka, akapiga makofi, akacheza peke yake shambani. Hilo ndilo lililomla zaidi miaka yote hii, kwamba alicheza. Alipogeuka, barabara ilikuwa imejaa magodoro na vilio. Roketi ilipotua akaificha kichakani, akakimbia na wanakijiji, na njiani akawauliza nani amepiga.

Walirudi siku ya nne. Mbuzi hakuna, milango hakuna, mashine ya Kaswera hakuna. Kijiji kikiwa kitupu, alijiambia Gracien, mwizi gani atakosa kuingia? Yeye ndiye aliyewafungulia. Lakini hakusema. Upande huu wa Beni, aliyepiga bomu hapewi nafasi ya kueleza.

Kwa miaka miwili aliikwepa ibada ya shukrani, inayofanywa kila mwaka kuikumbuka siku hiyo, kila mara akidai kazi ni nyingi. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa imemfikisha kwenye benchi hili.

Mbele, Mzee Abdias alisimama kutoa ushuhuda wake. Yeye peke yake hakukimbia siku ile, na tangu hapo kiti chake kilikuwa cha mbele na sahani yake ya kwanza.

"Miguu ilinikatala," alisema. "Nikalala katikati ya kakao, nikaona yote. Ule alipiga bombe, nilimuona na macho yangu, ndevu mpaka ku kifua. Alipiga, kiisha benzake saba bakaingia nyumba kwa nyumba. Mashine ya mama Kaswera, balibeba batu babili. Donc, kama niko muzima leo, ni Mungu."

"Amina," likaitikia kanisa, na akina mama wakafuta macho.

Gracien hakusikia hata nusu. Alikuwa akiyapanga maneno yake mwenyewe. Alifuta jasho kwenye kidevu chake kisicho na hata unywele, akawatazama watu waliokuwa wakimshukuru Mungu kwa kuwaokoa kutoka kwake. Aliona aibu. Kisha akauchukua mkeka, akapita katikati ya mabenchi. Kaswera, kwenye benchi la pili, aliliona shati, akatabasamu. Tabasamu hilo lilikaribia kumrudisha nyuma.

Akaukunjua mkeka mbele ya wote. Bomba refu, mkia uliosawijika kwa moto, vitambaa vya miavuli vya kila rangi. Kaswera aliinuka, akakishika kitambaa, akaufuata mshono wake mwenyewe kwa kidole.

"Munisamehe," Gracien alisema. "Ile siku haikukuwa bombe. Ni miye nilirusha hii kitu, kule nyuma ya nyumba ya mama. Nilikuwa miye peke yangu, hapana mutu mwingine. Kile mulikimbia, ni hii."

Akafumba macho, akangoja kofi la kwanza.

Halikuja. Alipofumbua macho hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama yeye. Kaswera alikuwa bado amesimama, parachuti mikononi, uso ameuelekeza kwenye kiti cha mbele, cha yule ambaye hakukimbia.

"Baba Abdias," alisema taratibu, "mashine yangu iko wapi?"