Mfano wa Kumi na Nne

Mafuta ya shito, ile pilipili nyeusi ya kukaanga, yalikuwa yameganda kwenye kibodi ya Dzifa, na katikati ya vitufe viwili kulikuwa na mwiba wa samaki. Aliuchomoa kwa ncha ya kalamu.

Hakuhitaji kuuliza. Katika ofisi nzima pale Osu, ni Boakye tu, mkuu wa idara, aliyekula kenkey yake, donge la unga wa mahindi, kwenye meza za watu wengine na kuacha vidole vyake kila mahali.

Alipowasha kompyuta akaona Boakye alichokuwa akitafuta humo. Kwenye jalada la kitabu alichokiandika Dzifa kulikuwa na maneno mapya: Kimeandikwa na Boakye Frempong.

Miezi minane Dzifa alikuwa amekaa na kompaila ya kampuni, programu inayogeuza maandishi ya mtaalamu kuwa lugha ya mashine, akieleza kitabuni kila chaguo ambalo mtaalamu anaweza kuliandika nyuma ya amri yake. Machaguo mia na tatu. Lile la "safisha" peke yake lilimtoa jasho wiki nzima, maana hufuta folda utakayoitaja, pamoja na kila kilichomo, bila kuuliza na bila kurudisha. Kwa kila chaguo alitunga mfano, na kama wafanyavyo waandishi wa vitabu hivi, alitumia jina lake mwenyewe: programu ya Dzifa, faili la Dzifa, folda ya Dzifa. Mali ya mwenzako haijaribiwi.

Sasa hapakuwa na Dzifa hata mmoja. Boakye alikuwa ameiagiza kompyuta ibadilishe jina hilo kuwa lake, kitabu kizima, kwa pigo moja. Hata kusoma hakusoma, mvivu yule.

Saa nne Madam Korkor, mwenye kampuni, angekuja kutazama kitabu kikichapwa. Aliyekiandika ndiye angepewa ofisi mpya ya Takoradi. Dzifa alikuwa ameshamwahidi mama yake kwamba watahamia huko.

Alimkuta Boakye kwenye chumba cha mkutano, akilamba kidole gumba.

"Bosi, kitabu kile ni changu."

"Chako? Kwani kalamu ilinunuliwa na baba yako?" Alicheka, punje ya kenkey ikamtoka mdomoni ikatua mezani. "Dzifa, usijitie ugonjwa wa moyo. Nitakutaja kwenye shukrani."

Dzifa aliitazama punje ile. Akarudi nyuma hadi mlangoni.

Boakye alikuwa hivyo miaka yote. Folda yake kwenye kompyuta kuu ilijaa kazi za miaka sita, nyingi akiwa amezikwapua kwa watu, na alikataa kabisa iwekewe nakala popote. Aliogopa wezi.

Madam Korkor aliingia na feni yake ya mkononi, akaketi mbele.

"Haya, nionyesheni. Nimeambiwa hapa mfano hauchapwi mpaka mashine iujaribu kwanza."

"Hiyo ndiyo desturi yetu, Madam," alisema Boakye. "Ukibonyeza kuchapa, mashine inaifanya mifano yote kweli kweli, mmoja mmoja. Kitabu changu hakidanganyi mtu."

Dzifa, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishtuka. Hakuwa amefikiria hilo.

"Bosi, samahani. Mfano wa kumi na nne umeupitia?"

"Madam," Boakye alimgeukia mwenye kampuni huku akitabasamu, "wewe ulishamwona mtu anapitia alichokiandika mwenyewe?"

"Upitie tu, Bosi. Dakika moja."

"Kaa chini, Dzifa! Wivu haukupendezi."

Dzifa akakaa.

Boakye akabonyeza. Ukutani mistari ya kijani ikaanza kushuka: mfano wa kwanza umefaulu, wa pili umefaulu, wa tatu. Madam Korkor akatikisa kichwa kwa kuridhika. Boakye akatoa leso, akajifuta mafuta midomoni.

Kwenye wa kumi na nne mashine ikasita.

"Mbona huu unachukua muda?" aliuliza Madam.

"Ni mzito, Madam. Huu niliuandika kwa moyo wangu wote."

Mstari ukashuka, kijani kama wenzake: Safisha folda ya Boakye. Mafaili 11,206 yamefutwa. Mfano umefaulu.