Mchezo wa Sanamu

"Usimeze mate," Dakika alisema. "Ukimeza, kidevu kinapanda, na picha inaharibika."

Mgonjwa akameza mate. Picha ikaharibika. Mpiga picha, dada mmoja aliyekaa nyuma ya kioo, akashusha pumzi kwenye kipaza sauti hadi chumba kizima kikasikia.

"Ya pili hiyo," akasema. "Daktari wa upasuaji anaitaka kabla ya saa sita. Bila picha iliyotulia hagusi kichwa cha mtu, na dawa ya usingizi kaikataza. Kaka Dakika, hebu fanya maajabu yako."

Dakika hakuwa na maajabu. Alikuwa na uchovu. Jengo zima lilimwita Dakika kwa sababu hajawahi kuchelewa hata moja, na sasa shughuli yake ya saa nne na nusu ilikuwa inamtekenya kichwani kama kokoto ndani ya kiatu.

Alikuwa katika utafiti huu tangu siku ya kwanza. Kusudi lake lilikuwa tukufu: kupiga picha bongo za watu wenye usonji, mwaka baada ya mwaka, hadi ubongo wenyewe useme kwa nini. Miaka thelathini na moja ilikuwa imepita. Mashine tatu zilikuwa zimezeeka mbele ya macho yake. Vichwa elfu moja mia nane vilikuwa vimelala juu ya meza ile, vitabu vitatu vilikuwa vimechapishwa, na ubongo, kwa heshima zake zote, ulikuwa bado haujasema kitu. Jalada la kitabu cha pili lilikuwa na picha ya ubongo wa Dakika mwenyewe. Mama yake alilitundika sebuleni. Wageni waliuliza kama ni koliflawa.

Meza ikatoka taratibu kwenye tundu la mashine. Mgonjwa alikuwa amefumba macho, ameziba masikio kwa viganja juu ya vile vizibo vya sponji, anajitikisa, anahesabu kwa kunong'ona: moja mpaka saba, moja mpaka saba. Mpiga picha aliuliza kama anaendelea vizuri. Hesabu ikaendelea. Hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa geni kwa Dakika.

Mlango ukafunguka kidogo. Mama wa mgonjwa akachungulia, amepakata viatu na nguo za mwanawe.

"Msimlazimishe," akasema. "Huyo kitinda mimba wangu. Tangu aanguke Alhamisi hajalala. Anasema kichwa kinapasuka."

"Hatumlazimishi, mama. Tunacheza," Dakika akasema, akiliangalia sikio la mama yule badala ya macho yake, kama ilivyokuwa desturi yake kwa binadamu wote.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa sanamu, na umri wake ulizizidi mashine zote tatu. Anayelala bila kutikisika hupewa nyota ya karatasi ya kubandika. Dakika akaichukua nyota kwenye droo ya tatu bila kuuliza. Akavua saa, akatoa funguo mfukoni, akasogea hadi mwisho wa meza. Hapo akafanya jambo lililomfanya mpiga picha asimame nyuma ya kioo chake. Dakika, ambaye salamu za mikono huzikwepa kama deni, akakishika kidole gumba cha mguu wa mgonjwa.

"Sikiliza," akasema. "Watu husema ni kelele tu. Si kweli. Ni kama uko ndani ya pipa na mtu analigonga. Kwanza inakuja nyundo, dakika nne na sekunde kumi. Halafu kimya. Kimya ndicho kibaya zaidi, maana hujui kama yameisha au yanajipanga. Halafu cherehani, dakika sita kamili. Nitakubana kidole kabla ya kila moja. Hutashtukizwa."

Kuhesabu kukakoma. Macho yakafumbuka.

"Sikujua habari ya kimya," mgonjwa akanong'ona.

"Hukuuliza."

Meza ikarudi ndani. Dakika akabana kidole, nyundo ikaanza. Akaangalia ukuta, akachoka, akaendelea kuchoka. Nyundo ikakoma. Katika kimya kile kidole kikaanza kutetemeka mkononi mwake, naye, ambaye hana sauti ya kuimbia hata bafuni, akaanza kuhesabu kwa sauti: moja mpaka saba, moja mpaka saba. Kidole kikatulia. Akabana tena. Cherehani ikapita.

Mpiga picha alikuwa tayari kwenye simu. Aliitikia "ndiyo, daktari" mara nne, kisha akabonyeza kipaza sauti.

"Imetoka safi kama maji! Daktari anasema uvimbe upo, lakini uko pembeni, anaona njia ya kuufikia. Wanakusubiri ghorofa ya juu sasa hivi."

Ukumbini mama akaanza kulia kwa sauti ndogo, viatu bado mapajani.

Mgonjwa akainuka, akakaa ukingoni mwa meza, miguu ikining'inia.

"Kumbe kila mara huwa hivi?"

"Kila mara."

"Na siku zote unalala kimya namna ile."

"Naipenda nyota," Dakika akasema.

Mama akaingia na nguo. Mgonjwa akachagua koti jeupe, akalivaa juu ya gauni la hospitali, na Dakika akaibandika nyota kifuani, juu kidogo ya maandishi ya bluu: PROFESA, MKUU WA UTAFITI. Halafu, kwa kuwa saa nne na nusu ilikuwa imeshapita, akavua viatu, akapanda mezani mwenyewe, na kuisubiri sauti ya mpiga picha isome kama ilivyosoma kila mwaka tangu akiwa na miaka sita: "Mshiriki Namba Moja, picha ya thelathini na mbili."